Siku Aliyoingoja Fundi Miwani

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia haikuwa na ulevi, haikuwa na ugomvi, wala haikulala njaa hata siku moja. Nasema hivyo mapema kwa sababu tumezoea kwamba nyumba ikibomoka, tunatafuta chupa au hawara. Hapa hamtapata chupa wala hawara. Mtamkuta mwanamume mpole, mchapakazi, aliyempenda mke wake. Na mke huyo ni dada yangu, toka nitoke, tumenyonya ziwa moja.

Shemeji yangu alikuwa fundi wa miwani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: kabati la kioo lenye fremu, kiti cha kupimia, ubao wa herufi ukutani, na nyuma ya pazia mashine ya kusagia lenzi. Dada yangu alifundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na sita. Yeye aliitwa Mwalimu na watu wote, hata na mumewe. Jumamosi asubuhi nilizoea kwenda kwao kunywa chai. Fundi alikuwa akinyanyua mkono kama mwanafunzi na kusema, "Mwalimu, naomba ruhusa niongeze sukari." Dada alikuwa akimjibu, "Ruhusa imekataliwa, kaa chini." Tulicheka kila Jumamosi kana kwamba tunausikia mzaha huo kwa mara ya kwanza.

Baada ya chai Fundi alifungua gazeti kwenye ukurasa wa bei za hisa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akinunua hisa kidogo kidogo, kila duka lilipompa ziada. Alizizungumzia kama mtu anayezungumzia mifugo yake. "Saruji imekohoa kidogo wiki hii," alisema, "lakini benki inazidi kunenepa." Hisa hizo ndizo zingewatunza uzeeni, ili wasimwangukie binti yao wa pekee, aliyekuwa ameolewa mji mwingine.

Kisha soko likaanguka.

Mimi ni karani wa posta, mambo ya masoko siyajui sana, lakini hata sisi kaunta tulilisikia. Watu walikuja kutuma vifurushi wakawa wanazungumza bei. Ndani ya wiki tatu hisa za Fundi zilipoteza karibu nusu ya thamani. Wiki ya kwanza alisema, "Itapita." Wiki ya pili akaacha kula mchana. Wiki ya tatu, Alhamisi, alifunga duka saa nne asubuhi, akapanda ngazi za ofisi ya dalali wake wa hisa, akauza kila kitu.

Dalali huyo alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye ofisi ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Alimwambia, "Fundi, jambo hili lala nalo siku mbili kwanza." Fundi akamjibu kwamba akilala nalo siku mbili hatabaki na hata hela ya godoro. Akasaini.

Jumatatu iliyofuata soko lilianza kupanda.

Msimcheke. Angeuza wiki moja kabla mngemwita mjanja. Nilimkuta jioni ile amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kupimia macho, simu mkononi, anazitazama bei zikipanda bila yeye. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, amemwekea mkono begani.

"Si tumebaki na nusu?" dada alisema. "Tulioana na vikombe viwili na jiko moja. Nusu hii ni nyingi."

"Nitairudisha," Fundi alisema. "Nitaingia tena, Mwalimu. Ila safari hii naingia kwa akili. Nangoja siku yenyewe."

Basi ndiyo ikawa kazi yake. Kungoja siku yenyewe.

Bei zilipopanda mwezi wa kwanza alisema huo ni mtego, zitashuka tena. Zilipopanda miezi sita alisema sasa ni ghali, ameshachelewa, anangoja zishuke. Ziliposhuka kidogo alisema hazijafika chini. Zilipogeuka na kupanda tena aliweka simu kifudifudi mezani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na shemeji yangu alishtuka kwa kila ung'ongo uliopita mbele yake kwa muda wa miaka miwili.

Siku moja alirudi kwa yule dalali kumuuliza siku yenyewe ni ipi. Nilikuwa naye, nilikwenda mjini kununua viatu na tukapanda pamoja. Yule mama alivua miwani, miwani aliyotengenezewa na Fundi huyu huyu, akaifuta kwa kitambaa.

"Fundi, mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini na mbili," alisema. "Hiyo siku sijawahi kuijua mpaka imeshapita. Sikiliza. Gawa hela yako mafungu kumi na mawili. Kila mwezi ingiza fungu moja, bei iwe juu, iwe chini, usiangalie. Ukikosea, utakosea kidogo kidogo, na ukipatia utapatia kidogo kidogo."

"Hiyo ni njia ya waoga," Fundi alisema.

"Ndiyo. Na wewe unaogopa. Kwa hiyo inakufaa." Alivaa miwani, akamtazama. "Jambo lingine. Katika hela hiyo, kuna ambayo mtaihitaji ndani ya mwaka huu au mwakani? Ugonjwa, nyumba, chochote? Hiyo itoe kabisa, usiilete hapa."

"Hakuna," Fundi alisema.

Alisema hakuna, na wakati huo dada yangu alikuwa tayari anaanza kupofuka.

Nawaomba mnisamehe, hapa pananiwia vigumu. Ilianza kwa vitu vidogo. Aligonga bega kwenye mlango ambao amepita maelfu ya mara. Alipindua kikombe kilichokuwa pembeni ya mkono wake. Ukimpa mkono kwa upande, hakuuona, ukabaki umeunyoosha hewani. Tulimtania. Mimi nilimwita Mbogo, kwa vile anavyopita akiangusha vitu. Leo hii jina hilo nikilikumbuka, moyo unaniuma.

Siku moja alimwambia mumewe, "Fundi, nipime macho. Kuna kitu hakiko sawa."

Akamkalisha kwenye kiti. Akamfunika jicho moja, halafu la pili. Dada alisoma ubao wote, mpaka ule mstari wa mwisho wa herufi ndogo ambazo mimi sijawahi kuzisoma.

"Mwalimu una macho ya mwewe," Fundi alisema. "Ni uchovu tu." Simu ikatoa mlio, akageuka kuitazama.

Sasa, Fundi alijua kazi yake. Alijua kwamba ubao wa herufi unapima katikati ya jicho tu. Alijua kuna ugonjwa wa presha ya macho, unaokula uoni kuanzia pembeni taratibu bila maumivu, na mtu anaendelea kusoma herufi ndogo huku dunia ya kando inafungwa kama pazia. Alijua pia kwamba mama yetu alikufa kipofu, na kwamba ugonjwa huo hutembea ndani ya ukoo. Wateja wenye umri wa dada alikuwa akiwaandikia barua waende hospitali wakapimwe presha ya macho. Mkewe hakumwandikia. Alikuwa na macho mawili, na yote mawili yalikuwa sokoni.

Dada aliomba hela ya kwenda kwa daktari bingwa. Aliomba kama walivyo wake wengi wema, kwa sauti ya mtu anayesumbua.

"Mwezi ujao, Mwalimu," Fundi alimwambia. "Hela ya duka mwezi huu imeishia kwenye lenzi. Na ile ya benki siwezi kuimega. Siku ikifika lazima niwe na mtaji wote mkononi. Nikiidonoa donoa leo jicho, kesho bati, nitaingia na nini?"

"Haya," dada alisema. "Si jambo la haraka."

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa namenya viazi jikoni kwao na nilisikia kila neno. Nilijiambia mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Nikaendelea kumenya.

Kilichotuamsha ni shule. Wakati wa mapumziko dada alikuwa akivuka uwanja na chai yake, mtoto mmoja wa darasa lake akaja mbio kutoka kushoto. Watoto wa darasa la kwanza huja hivyo, wanakuja kukumbatia. Dada hakumwona kabisa. Wakagongana, chai ikammwagikia mtoto mkononi. Haikuwa ya moto sana, mtoto alipona haraka. Lakini mwalimu mkuu alimwita dada ofisini, akafunga mlango, akamuuliza kwa upole anaona vidole vingapi, huku mkono wake ameuweka pembeni. Dada alimuuliza, "Vidole gani?"

Alikuja posta kwangu moja kwa moja. Alisimama nje ya kaunta kama mteja, akangoja zamu yake. Zamu ilipofika akasema, "Mdogo wangu, nipeleke."

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, lakini alipomaliza vipimo aliacha haraka. Alivuta kiti akakaa karibu na dada, magoti yakigusana.

"Mama, jicho la kulia limekwenda," alisema. "Sitakudanganya. Ugonjwa huu ukichukua, haurudishi. La kushoto limebaki na tundu la katikati, kama unavyotazama ndani ya bomba. Hilo bado tunaweza kulilinda. Nakupa matone leo, lakini presha iko juu mno, matone peke yake hayatatosha. Tufanye upasuaji. Nakuweka wiki tatu kutoka leo."

Upasuaji ulitakiwa ulipiwe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Gharama haikuwa kubwa sana kwa mtu mwenye akiba kama ya Fundi, ingawa kwa karani wa posta ilikuwa mlima. Bingwa huyo alipasua siku moja tu kwa wiki, na foleni yake ilikuwa ndefu. Nesi alituambia wazi wazi, "Ukikosa tarehe yako, mama, unarudi mwisho wa mstari."

Tulipomwambia Fundi, alilia. Nataka mjue hilo. Aliweka uso kwenye mapaja ya mkewe, akalia kama mtoto, akasema, "Mimi. Mimi niliye fundi wa macho." Dada alimpapasa kichwa. Nikasema nitachangia nusu. Fundi akakataa.

"Mke wangu nitamtibu mwenyewe, shemeji. Usiniaibishe. Hela ipo benki. Wiki ijayo nakwenda kulipia."

Na dada akanitazama kwa lile jicho moja, akanitikisia kichwa niache. Nikaacha.

Wiki hiyo hiyo soko likashuka. Halikuanguka kama mara ile, lilishuka tu, lakini lilishuka siku tatu mfululizo, na siku ya tatu bei ya saruji, iliyokuwa ikipungua tangu mwanzo wa mwaka, ilifika pale pale alipouzia miaka miwili iliyopita. Kwa mtu aliyengoja muda wote huo, mlango ulikuwa umefunguka.

Nini kilipita ndani ya kichwa chake, baadaye alinieleza mwenyewe, hakuficha. Alijiambia kwamba siku yenyewe ndiyo hii na haitarudi. Akajiambia kwamba upasuaji una wiki mbili zaidi mbele, na kwamba soko likishagusa chini huruka, ndani ya siku kumi angeuza sehemu ndogo, alipie hospitali, na mtaji ubaki palepale. Mkewe angetibiwa kwa faida. Ndivyo alivyosema, "kwa faida." Akapanda zile ngazi, akaingiza hela yote kwa mkupuo mmoja.

Yule dalali alimuuliza tena, "Hakuna hela ya shida humu?"

"Hakuna," akasema tena.

Siku kumi zilipita. Bei hazikuruka, zilizidi kuteleza. Mpaka siku ya tarehe ya upasuaji, zilikuwa zimeshuka kwa karibu sehemu moja ya tano.

Hapo, ndugu zangu, ndipo pananichoma hadi leo. Fundi alikuwa amejifunza kitu kutokana na kosa lake la kwanza. Alijifunza kwamba aliyeuza kwa woga alijuta. Aliapa hatauza tena kwa hasara. Somo lenyewe halikuwa baya, wenye kujua wanasema ni la kweli. Ila alilishika siku isiyo yake, kwa hela isiyo yake, kwa maana hela ile ilikuwa imeshakuwa ya jicho la dada yangu.

Dada alikuwa amefungasha begi. Gauni la kulalia, kandambili, taulo, na kitabu alichotaka kumalizia wodini. Asubuhi ile Fundi alimwambia, "Hospitali wamepiga simu. Daktari amesafiri, wamesogeza tarehe mbele."

"Mpaka lini?"

"Watatuambia."

Dada akafungua begi, akarudisha vitu kabatini kimoja kimoja kwa kupapasa. Akanipigia simu kuniambia nisiombe ruhusa kazini. Na mimi nikaamini. Nani angefikiri?

Niliujua ukweli baada ya siku kumi na mbili. Yule nesi alikuja posta kuchukua kifurushi, akanitambua, akaniuliza kwa nini hatukutokea. "Daktari alimngoja mgonjwa wenu mpaka saa tano," alisema. Nilifunga kaunta, watu wakiwa kwenye mstari, nikaenda dukani kwa Fundi kwa miguu. Nilimkuta nyuma ya pazia, mashine inazunguka bila lenzi.

"Shemeji, hela ya jicho iko wapi?"

Hakunidanganya. Aliizima mashine.

"Iko sokoni."

"Itoe."

"Nikiitoa leo, shemeji, nimezika sehemu ya tano. Wiki mbili tu. Zitarudi. Nazijua hisa hizi. Wiki mbili nakuomba, nazipata zote, namlipia Mwalimu hospitali ya binafsi, chumba cha peke yake."

Nilimwambia, "Fundi, dada yangu hahitaji chumba cha peke yake. Anahitaji kuona."

 Simu ilikuwa mezani, na katikati ya maneno yangu nilimwona akiitupia jicho. Sikupiga kelele. Niligeuka nikaenda benki, nikatoa akiba yangu yote ya kujengea, nikakopa kidogo kwa wenzangu wa posta, na jioni ile ile nikalipa hospitali. Nesi alinipa tarehe ya mwisho wa mstari. Miezi mitatu na siku nne.

Kumwambia dada ilibidi nimwambie mimi. Alikaa kitandani, mikono kwenye magoti, akasikiliza yote: soko, hela, simu ambayo hospitali haikupiga. Alipoongea alisema jambo moja tu.

"Nilijua hakuna simu iliyolia asubuhi ile. Masikio yangu mazima."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani anaogopa kisu kwa niaba yangu," alisema. "Nikaona nimpe muda."

Miezi mitatu hiyo sitaisimulia kwa kirefu. Tuliweka matone saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Fundi ndiye aliyeyatia, na mkono wake haukutetemeka, kazi hiyo aliijua. Lile tundu la katikati liliendelea kuziba. Mwezi wa kwanza aliona uso wangu wote. Mwezi wa pili aliona jicho, halafu pua, halafu mdomo, akiniunganisha vipande vipande. Binti yake alikuja na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza. Dada alimweka karibu na uso wake, akamzungusha taratibu kama mtu anayetafuta kitu kwa tochi. Akamwona sikio. "Sikio la babu yake," alisema. Uso hakuupata.

Upasuaji ulifanyika. Daktari alifanya yote aliyoweza, na alipotoka alinisemesha mimi kwanza, kando, karibu na masinki. "Presha imeshuka, upasuaji wenyewe umekwenda vizuri," alisema. "Lakini tulichokuja kukilinda hakikuwepo tena." Dada yangu sasa anajua dirisha liko upande gani. Zaidi ya hapo, hakuna.

Mnataka kujua hisa zilikwendaje. Zilipanda. Fundi hakukosea. Baada ya mwaka mmoja zilivuka bei aliyonunulia, zikavuka mbali, na hadi leo wapo watu wanaosema shemeji yangu aliingia sokoni kwa akili. Siku zilipovuka bei hiyo nilikuwepo nyumbani kwao, nilikuwa nakunja nguo. Fundi aliingia akasimama mlangoni, na hakuonekana kama mtu mwenye habari njema.

Dada aligeuza uso kufuata hatua zake. "Zimepanda?" aliuliza.

"Zimepanda."

"Umepata uliyokuwa umepoteza?"

"Nimepata na zaidi."

"Hongera, Fundi," dada alisema, na hakukuwa na kejeli ndani yake hata tone. Ningependa iwepo. Fundi alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye sakafu, akajifunika uso kwa mikono.

Aliziuza zote wiki ile. Alinirudishia akiba yangu, alimtafutia dada msichana wa kumsomea vitabu na wa kutembea naye mchana. Duka bado analo. Kila mteja aliyevuka miaka arobaini hampimi kwanza, humuuliza kuhusu mama yake na baba yake, kisha humwandikia barua ya hospitali, na asiye na nauli humpa. Mimi nilikuwa wa kwanza kuandikiwa. Nilikwenda, nikakutwa na ugonjwa huo huo, ukiwa bado mchanga. Natia matone asubuhi na jioni, na naona. Naandika haya kwa macho yangu mwenyewe, na kila mstari nahisi kana kwamba nimeuiba.

Funzo

Sikuandika ili mseme hisa ni mbaya. Zile zile hisa ziliwalisha watu wengine, na zingewatunza hawa wawili uzeeni. Soko kuanguka si dhambi ya mtu, huanguka na huinuka. Kosa halikuwa kuingia wala kutoka.

Kosa lilikuwa kuingoja siku yenyewe. Hiyo siku haina anayeijua, hata yule anayeketi mbele ya bei miaka ishirini na mbili haijui. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mchagua jembe si mkulima. Ukiumizwa na soko na unataka kurudi, rudi kwa mpango ulioupanga ukiwa umetulia, mafungu madogo, mwezi kwa mwezi, kisha ziba masikio uendelee na kazi yako. Mpango wa namna hiyo utakurudishia usingizi wako, hata kama hautakupa sifa.

Lakini kabla ya fungu la kwanza, kaa na mwenzako muulizane: kuna nini ndani ya nyumba hii ambacho hakiwezi kungoja? Mgonjwa, ada, paa linalovuja. Hela ya vitu hivyo si mtaji, hata kama iko benki kwa jina lako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hakuna fundi wa kuzijenga upya.

Na sisi tulio kando, ndugu, mashemeji, majirani, tusijifiche nyuma ya neno kwamba mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Mimi nilimenya viazi huku nasikia. Ningeweka kisu chini siku ile, dada yangu angekuwa anafundisha.

Basi na wewe unayesoma, kama mama yako au baba yako alipofuka, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kapimwe kesho.